Ada za matangazo Etsy: nilivyozibana zisile faida ya foronya zangu za kanga

Ushauri unaoniudhi kuliko wote katika kuuza kwenye Etsy, soko la mtandaoni la vitu vya mikono, ni ule wa "usivuke dola 10,000". Unaambiwa ukifikisha mauzo hayo ndani ya siku 365, Etsy inakulazimisha kubaki kwenye matangazo yake ya nje, Offsite Ads, kwa maisha yote ya duka. Basi afadhali ufunge duka Novemba, usubiri mwaka uzunguke. Kulazimishwa ni kweli. Ila wanaotisha watu hawasemi kwamba chini ya kiwango hicho ada ya tangazo ni asilimia 15 ya oda, na ukishavuka inashuka hadi 12. Mtu anafunga duka msimu wa Krismasi kwa kuogopa asilimia 12! Sijui anauza ili iweje.

Asiyevuka anaweza kujitoa: unaingia Shop Manager (ukurasa wa kusimamia duka), Settings, Offsite Ads, unazima. Mimi sikuzima. Etsy inalipia matangazo hayo yenyewe huko Google, Facebook, Instagram, Pinterest na Bing, na wewe hukatwi senti mpaka aliyebofya anunue dukani kwako ndani ya siku 30. Akibofya foronya ya bluu, akarudi wiki tatu baadaye kununua kitambaa cha meza, unakatwa vilevile. Wanakata kwenye jumla ya oda, posta ikiwamo, na ada haizidi dola 100 kwa oda moja.

Kinachotakiwa ni bei inayoweza kulibeba tangazo. Niko Minneapolis, nashona foronya za mito ya kochi kwa kanga za Dar na Mombasa. Foronya moja ni dola 32 na posta 6, jumla 38. Etsy inachukua asilimia 6.5 ya jumla hiyo (ilikuwa 5 mpaka Aprili 2022), malipo yanakatwa asilimia 3 na senti 25, na ukurasa wa bidhaa ni senti 20 kwa miezi minne. Hapo zimeshaondoka dola 4.06. Kanga, bitana na zipu ni dola 9 hivi, bahasha dola moja, posta yenyewe 6. Nabaki na karibu 18. Oda ikija kwa tangazo la nje inatoka 5.70 nyingine, nabaki na 12 na ushee. Siyo pigo la kufunga duka.

Wengi wanachemka kwenye kupandisha bei. Wanazidisha kwa 1.15 wakidhani wamefidia ile 15, wakati ada inakatwa kwenye bei mpya, si ya zamani. Mimi najumlisha gharama zote, faida ninayoitaka na senti 45 zile za kudumu (25 za malipo na 20 za ukurasa), kisha nagawanya kwa 0.755, kwa sababu 6.5 na 3 na 15 ni asilimia 24.5. Gharama 16, faida 12, na 0.45: ukigawanya unapata 37.68. Kwangu oda za matangazo ya nje ni kama moja katika kumi, kwa hiyo bei hiyo ikisimama, zile tisa nyingine zinanenepa.

Yanayokausha mfuko kimyakimya ni matangazo ya ndani, Etsy Ads. Haya unalipa kwa kila mbofyo, anunue asinunue. Bei ya mbofyo inaamuliwa kwa mnada na mfumo unakupangia dau. Wewe unachoshika ni bajeti ya siku, kuanzia dola moja, na bidhaa zipi zitangazwe. Ukiwasha bila kuchagua, duka zima linaingia.

Chukua ile foronya ya 32. Mbofyo kwangu unacheza kwenye senti 35. Mibofyo 100 ni dola 35, na wakinunua wawili nakuwa nimefanya vizuri. Jedwali la Etsy linaonyesha mauzo karibu mara mbili ya matumizi, unajiona bingwa. Sasa toa gharama: faida ya foronya mbili ni dola 35.88, tangazo limekula 35. Umeshona foronya mbili kwa senti 88. Jedwali linahesabu mauzo. Faida utaihesabu mwenyewe.

Basi nikaacha kabisa kutangaza foronya moja moja. Natangaza seti ya nne tu, dola 110 na posta 10, kwa sababu mbofyo wa seti unanigharimu karibu sawa na mbofyo wa foronya moja. Ada za kawaida zinatoka 11.85, gharama 48, inabaki dola 60. Hata akinunua mmoja tu katika mibofyo 100, nimebaki na 25. Nusu ya wanunuzi, faida mara ishirini na nane! Utamu zaidi ni kwamba wanaoona seti ni ghali huteremka chini ya ukurasa, wakachukua foronya moja, na mbofyo wao nilishaulipia.

Lakini seti lazima iwe na sababu ya kuwa seti. Doti moja naikata hivi: foronya tatu za mraba za sentimita 45 kutoka mji na pindo, na foronya moja ndefu ya mto wa kuegemea, ambayo ndiyo inayobeba jina la kanga zima, bila kukatwa neno. Jina halikai kwenye mraba. Anayelitaka hana njia ila kununua seti, na ndilo picha ya kwanza.

Usije ukaweka foronya moja na seti kwenye ukurasa mmoja kama machaguo. Nimeona maduka mengi yamefanya hivyo kubana senti 20. Tangazo litaonyesha bei ya chini kabisa, mibofyo itajaa, na wote wamekuja kutafuta cha dola 32. Tenganisha kurasa.

Bajeti ya dola moja kwa siku ni mibofyo miwili mitatu. Anayeiendesha wiki moja kisha akatangaza kwamba Etsy Ads haifanyi kazi amepima kwa mibofyo ishirini. Weka dola 3, utafikisha mibofyo 100 kwa siku kumi na mbili hivi, ndipo uamue.

Tagi, yaani maneno ya utafutaji unayoibandikia bidhaa, nazo zinakula hela. Zipo 13, kila moja herufi 20. "African" peke yake inaleta wanaotafuta vinyago na vitenge. "Kanga" peke yake Marekani inaleta wanaomtafutia mtoto mdoli wa kangaruu aitwaye Kanga. Unganisha na kitu chenyewe, kama "kanga pillow cover", upate mibofyo michache yenye pochi mkononi.

Zile siku 30 ziheshimu na kwenye kuponi. Ukimwekea mteja wa tangazo kuponi ya asilimia 10 akaitumia wiki ijayo, umempa punguzo na ada ya tangazo umekatwa tena. Kadi yangu ya shukrani inasema kuponi inaanza baada ya siku 30, na naifungua siku hizo zikiisha. Kumwomba akulipe nje ya Etsy ni marufuku, usijaribu.

Wateja wa kwenye magrupu ya WhatsApp wapewe kiungo cha Share & Save, si kile cha kawaida. Kwa oda iliyokuja kwa kiungo hicho Etsy inakurudishia asilimia 4. Ni kujiunga tu kwenye Shop Manager.

Na zipu ikiharibika mteja akadai fedha, mrudishie kupitia oda yenyewe, kamwe si kwa njia ya pembeni. Ukirudisha kupitia oda, ada ya tangazo la nje nayo inarudi kwenye akaunti yako. Ukimtumia pembeni, ile 5.70 imebaki kwao.