Kujumlisha kwa kubeba: njiti za chelewa zilivyoniokoa

Darasa langu la pili hapa Mbagala lilikwama kwenye kujumlisha kwa kubeba. 27 + 15 wanaandika 312, tena kwa kujiamini! Ubaoni nilieleza mpaka sauti ikakauka.

Nikapangua ratiba ya wiki. Jumatatu hadi Jumatano hakuna daftari, ni njiti za chelewa tu: zikifika kumi, funga kwa rababendi, hamishia kwenye makumi. Alhamisi ndiyo tunaandika. Ijumaa tunafungua genge darasani, nyanya za udongo, sarafu za karatasi za 50, 100 na 200, na muuzaji lazima arudishe chenji kamili. Kelele zipo, mwenzangu wa darasa la jirani kashalalamika.

312 sijaiona tena. Sasa tuko kwenye kutoa kwa kukopa. Mafungu yaleyale tunayafungua.