Siku yangu mahakamani, na kesi ya Mama Airey

Saa 12 asubuhi. Dublin bado giza. Chai ya tangawizi, koti zito, kitambulisho cha ukalimani, natoka.

Saa 2. Nashuka tramu kituo cha Four Courts, jengo la mahakama lenye kuba la kijani kando ya mto Liffey. Mary Robinson alikuwa wakili katika jiji hili kabla hajawa Rais mwanamke wa kwanza wa Ireland, 1990. Wengi humkumbuka kwa urais. Mimi namkumbuka kwa kesi moja, ya Mama Airey.

Saa 3 na nusu. Chumba kidogo, mimi, wakili na mteja. Siri za kesi za familia hazitoki humo. Nitataja tu swali ambalo akina mama kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo, huniuliza kabla ya yote: "Yaya (yaani dada), huyu avoka (wakili) nitamulipa na nini?" Wakili anafungua utepe wa waridi kwenye jalada, anaeleza kuwa serikali inagharamia, mteja huchangia kidogo kwa kadiri ya kipato. Natafsiri polepole. Mabega yanashuka.

Saa 7. Mkate na yai, benchi la korido. Johanna Airey wa Cork, mama wa watoto wanne, alitaka kutengana kisheria na mume aliyempiga. Talaka haikuwepo Ireland. Amri ilitolewa na Mahakama Kuu peke yake, naye hakuwa na pesa za wakili. Serikali ilidai hakuna aliyemzuia, angeweza kujisimamia mwenyewe! Robinson, seneta na profesa wa sheria tangu ana miaka 25, akaifikisha kesi Strasbourg, kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Huko ikaonekana kwamba kati ya kesi 255 za kutengana zilizofunguliwa 1972 hadi 1978, hakuna hata moja ambayo mlalamikaji alikwenda bila wakili. Tarehe 9 Oktoba 1979 Mama Airey akashinda, na mpango wa msaada wa kisheria ukafuata. Kwangu hilo linapita hotuba zote za ikulu.

Saa 8. Tunaitwa. Jaji ana kasi, namwomba arudie. "Matunzo" halieleweki, nasema "franga za kulisha batoto". Linaeleweka.

Saa 11. Nje, mvua nyepesi. Mama anauliza nani aliyeanzisha mambo haya ya avoka wa serikali. Namsimulia, namtajia na jina. Mwaka 2013 Robinson alikuwa mjumbe wa Umoja wa Mataifa wa Maziwa Makuu, akafika hadi Goma.

"Ule mama wa ONU, wa Umoja wa Mataifa?"

"Ndiye huyo huyo, mama."

Anasimama kidogo, anafunga kitambaa chake vizuri, tunavuka barabara kwenda kituoni.