Ngazi Tatu za Ukumbi Wetu

Mwezi uliopita chama chetu cha ushirika hapa Newala kilipata mafunzo ya siku mbili kuhusu ujumuishi wa watu wenye ulemavu, na mimi, nikiwa katibu, ndiye niliyeandaa ukumbi. Nilipanga viti, nikaagiza chai na mihogo, nikachapa ratiba, lakini sikukumbuka kabisa kwamba mlango wa ukumbi ule una ngazi tatu, mpaka nilipomwona mmoja wa wawezeshaji amesimamisha kitimwendo chake chini ya ngazi hizo.

Wanachama wanne walimkimbilia, wakashika magurudumu tayari kumbeba. Akainua mkono. "Ahsanteni ndugu zangu, lakini hamjaniuliza." Mafunzo yakaanzia pale pale nje, kwenye kivuli cha mkorosho. Alituagiza tupime kimo cha ngazi, tukapata sentimita 45, kisha akatueleza kwamba njia mteremko inayofaa hupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu, hivyo yetu ingehitaji mita 5.4. Fundi wetu alikuwa amekadiria mita moja na nusu. Mteremko mkali kiasi hicho humwangusha mtu chali, na kwa kweli ni afadhali usijengwe.

Mwezeshaji wa pili alikuwa kiziwi, naye alikuja na mkalimani wa lugha ya alama. Mwenyekiti wetu, kwa heshima zote, alimgeukia mkalimani akasema, "Mwambie kwamba tunamkaribisha sana." Jibu likaja kwa mikono, na mkalimani akalitamka: "Mzee wangu, nimeshakaribia. Niangalie mimi, uniambie mimi." Tangu hapo kila aliyesimama kuzungumza alimtazama yeye. Ndiye pia aliyetuuliza mkulima kiziwi anajuaje bei mnadani, ambako kwa miaka mingi zabuni za wanunuzi zilikuwa zikisomwa kwa sauti na wakulima kuzikubali au kuzikataa papo hapo. Hakuna aliyekuwa na jibu, ingawa ubao na chaki vipo ofisini mwetu miaka yote.

Kuhusu majina tulibishana sana. Mwanachama mmoja alisema kiwete na kipofu ni maneno ya dharau kwa sababu yamewekwa katika ngeli moja na kiti na kisu. Mwingine akauliza mbona kiongozi naye yumo humo. Naona wote wawili waliipita hoja yenyewe, kwa kuwa anayestahili kuulizwa ni mwenye kuitwa. Viziwi hujiita viziwi, na chama chao cha kitaifa, Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA), kinabeba jina hilo, lakini neno bubu linawaumiza.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, tuliigusa kwa ufupi. Sikusikitika. Niliwahi kuhudhuria mafunzo mengine mjini Mtwara ambako tulisomewa vifungu tangu asubuhi hadi jioni, na ukumbini hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye ulemavu, si miongoni mwa wakufunzi wala miongoni mwetu.

Jambo ambalo halijaniondoka moyoni lilijitokeza siku ya pili, tulipoambiwa tufungue daftari la mahudhurio na kutafuta walioacha kuja. Yumo mama mmoja, mwanachama wa siku nyingi, aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Tangu hapo mwanawe ndiye anayekuja kumwakilisha, nasi tulidhani mama ameamua kupumzika. Nilikwenda nyumbani kwake jioni ile. "Mwanangu," aliniambia, "nibebwe kama gunia mbele za watu?"

Saruji imeshanunuliwa na fundi amenyoosha kamba mita 5.4 kutoka mlangoni. Barua ya mkutano mkuu nimempelekea mama mwenyewe, mkononi, yenye jina lake.