Trofimo Aliyeachwa Mileto

Somo la wiki: 2 Timotheo 4:9–22, Zaburi 88

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mwishoni kabisa mwa waraka wake wa pili kwa Timotheo, akiwa ameshaomba aletewe joho aliloliacha Troa kwa Karpo pamoja na vitabu vyake, hasa vile vya ngozi, Mtume Paulo anaandika sentensi fupi ambayo wahubiri wengi huivuka wakiwahi baraka ya mwisho: "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Basi. Hasemi alikuwa akiumwa nini, hasemi kama aliombewa, wala haongezi kwamba baadaye alipata nafuu. Mtu anayeisoma Biblia akiwa mzima ataiona kuwa habari ya safari tu. Anayeisoma akiwa kitandani, naamini, atakuta humo faraja ambayo hakuitarajia, na kwa sababu hiyo ningependa wiki hii tukae juu ya mstari huo.

Trofimo hakuwa mtu wa pembeni. Alikuwa Mwefeso, mmoja wa waliosafiri na Paulo kuelekea Yerusalemu, na ni kwa kuonekana naye mjini ndipo Wayahudi wa Asia walipodhani kwamba Paulo amemwingiza Myunani hekaluni, ghasia zikazuka na mtume akakamatwa (Matendo 21:29). Naye Paulo aliyemwacha mgonjwa ndiye yule ambaye leso na nguo zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa huko huko Efeso nao wakapona, na ambaye kisiwani Melita aliomba, akaweka mikono juu ya baba yake Publio aliyekuwa na homa na kuhara damu, akamponya. Hatuwezi kusema kwamba mtume alipungukiwa upako, wala hakuna neno lolote linalotuambia kwamba Trofimo alikuwa na dhambi ya siri. Mtumishi wa Mungu aliugua, aliyekuwa na karama ya kuponya alikuwa naye, na safari ilipoendelea yeye akabaki. Maandiko yameliacha jambo hilo bila maelezo.

Sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Victoria hatuna desturi ya kuuacha ugonjwa bila maelezo. Mtu akiugua muda mrefu, swali la kwanza huwa ni nani amemfanyia, na wote tunajua swali hilo limetufikisha wapi: katika kanda yetu vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu yaliyodhaniwa kuwa dalili ya uchawi, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni za kuwapikia wajukuu. Tungependa kuamini kwamba kanisani swali hilo halipo, lakini lipo, isipokuwa limevaa nguo za Jumapili. Tunauliza kama kuna laana ya ukoo, kama mgonjwa ana jambo hajaliungama, kama ametoa sadaka yake kikamilifu, kama "amekiri uponyaji wake" au bado anataja ugonjwa kwa jina. Wanafunzi nao walimuuliza Bwana juu ya yule kipofu tangu kuzaliwa: ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake? Yesu alikataa pande zote mbili za swali, kisha akatema mate chini, akafanya tope, akaanza kazi.

Katika ushirika wetu yuko dada mmoja ambaye ameniruhusu niyaeleze haya bila kumtaja jina. Alikuwa akiuza dagaa mwaloni Kirumba, mwanamke wa kuamka alfajiri na kubeba mwenyewe magunia yake hadi kwenye gari. Figo zake zilishindwa kufanya kazi kutokana na shinikizo la damu ambalo hakujua kwamba analo, kwa kuwa shinikizo la damu huweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuuma popote. Sasa husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, na hupimwa uzito kabla ya kuunganishwa na baada ya kutolewa ili ijulikane maji kiasi gani yameondolewa. Kwenye mkono wake wa kushoto madaktari waliunganisha mishipa miwili ili damu ipite kwa nguvu inayotosha mashine; ukiuweka mkono wako hapo unasikia mtetemo usiokoma, na mkono huo hauruhusiwi kubeba ndoo wala kufungwa kipimo cha presha. Maji yake ya siku nzima hupimwa kwenye chupa, na humo humo huhesabiwa ya chai, ya uji na ya kumezea vidonge. Amezaliwa na kukulia ufukweni, na aliwahi kuniambia, akicheka kidogo, kwamba adhabu kubwa si sindano, bali ni kulitazama Ziwa lote lile kutoka mlimani ilipo hospitali huku kiu imemkausha ulimi.

Huyu dada aliwahi kuhudhuria mkutano wa injili, na mhubiri mmoja akamwambia mbele za watu kwamba ameshapona na kwamba akirudi kwenye mashine atakuwa amemfanya Mungu mwongo. Alirudi nyumbani kwa furaha, akakaa bila kwenda hospitali. Haikuchukua siku nyingi, uso na miguu vikavimba, pumzi zikambana asiweze hata kulala chali, na majirani wakampandisha mlimani usiku. Alipozinduka hakusikitika kwamba alikaribia kufa. Alisikitika kwamba imani yake haikutosha. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliyemwondolea tiba alimwachia pia mzigo wa lawama, naye hakuwepo kusaidia kuubeba.

Wanaotumia Maandiko kuwazuia wagonjwa wasitibiwe hupenda kumtaja Mfalme Asa, ambaye katika ugonjwa wa miguu "hakumtafuta Bwana, bali waganga" (2 Nyakati 16:12). Ni kweli imeandikwa hivyo. Lakini kosa linalotajwa pale ni kutomtafuta Bwana, na habari za Asa katika sura hiyo zinaonyesha mfalme aliyekwisha kumpa Mungu kisogo kabla miguu haijaanza kumuuma: alikuwa ameitegemea fedha na mfalme wa Shamu, tena alimtia gerezani mwonaji aliyemkemea. Tumweke kando yake Hezekia. Yeye aliugeuza uso wake ukutani, akaomba, akalia sana. Mungu akamsikia na kumwongezea miaka 15. Na nabii yule yule aliyeleta jibu hilo la mbinguni akaagiza uletwe mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Sala ilikuwa imejibiwa, na dawa ikapakwa. Na katika sura hii tunayoitafakari, mistari michache tu kabla ya kumtaja Trofimo, Paulo anasema kwamba Luka peke yake ndiye aliye pamoja naye. Luka ni yule anayeitwa katika waraka kwa Wakolosai tabibu mpendwa. Mtume mzee, gerezani, wengine wakiwa wametawanyika, alibaki na daktari.

Na anayetaka kuigombanisha hospitali na madhabahu katika kanda hii ana kazi ngumu, kwa kuwa hospitali zetu nyingi zilizaliwa na makanisa. Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni ya maaskofu Wakatoliki. Sengerema na Sumve nazo zina historia hiyo hiyo ya umisionari. Na Kolandoto kule Shinyanga ni ya Africa Inland Church. Waliozijenga walisali kabla ya kuchimba misingi, na hawakuona kwamba wodi inapunguza utukufu wa Mungu.

Basi kumtegemea Mungu kunakuwaje kwa mtu ambaye hajapona, na ambaye kwa maelezo ya madaktari hatazamiwi kupona? Nilimuuliza dada yetu huombaje. Akaniambia kwamba siku za mashine haombi uponyaji. Anaomba mshipa upatikane kwa sindano ya kwanza, presha isishuke katikati, umeme usikatike, na yule kijana wa kitanda cha jirani amkute siku ijayo. Uponyaji huuomba siku nyingine, usiku, akiwa na nguvu ya kuvumilia kama jibu litachelewa. Wapo watakaosema hiyo ni imani ndogo. Mimi naona ndiyo sala aliyotufundisha Bwana, "utupe leo riziki yetu", ikisaliwa na mtu ambaye leo yake ina saa nne za sindano mkononi. Paulo naye aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, akajibiwa kwamba neema inamtosha, na hatuambiwi kwamba mwiba ulitoka. Kuomba mara tatu ni ruhusa ya kuomba tena. Mgonjwa asione haya kurudia ombi lile lile.

Tena ziko siku ambazo mgonjwa hawezi kuomba kabisa. Kichefuchefu kinapopanda, dawa zinapomlevya, au hofu inapomjia saa nane za usiku, Biblia humwia nzito mkononi. Kwa siku hizo tumepewa Zaburi ya 88, ambayo nimeiweka katika somo letu ingawa hatuisomi mara kwa mara ibadani. Mwimbaji anamlilia Bwana mchana na usiku, anasema nafsi yake imeshiba taabu, anauliza kwa nini Mungu anamficha uso wake, na zaburi inaisha gizani, bila ule mgeuko wa sifa tuliouzoea mwishoni mwa zaburi nyingine za maombolezo. Kanisa la kale halikuifuta. Mwaminifu ameruhusiwa kufika mwisho wa sala yake akiwa bado analia, na sala hiyo ikahesabiwa kuwa sala.

Nije kwetu sisi tulio wazima, kwa maana hapa ndipo tunapokosea zaidi. Tunapokwenda kumwona mgonjwa, twende wachache na tusikae sana; kwaya nzima ndani ya chumba kimoja kwa saa mbili ni upendo, lakini mgonjwa ndiye atakayeulipia usiku. Tuulize kwanza anachoruhusiwa kula. Nimeona meza ya dada yetu imejaa ndizi, machungwa na soda tulizopeleka kwa moyo mweupe, na karibu vyote amekatazwa, kwa sababu figo zikishindwa, madini ya potasiamu yaliyomo katika matunda mengi hubaki kwenye damu na yanaweza kuusimamisha moyo. Wanawe walikula vizuri wiki ile, angalau. Anachohitaji ni nauli ya kwenda na kurudi, mtu wa kumshika mkono anaposhuka kwenye gari akiwa na kizunguzungu, na mtu wa kumchukua mwanawe wa mwisho shuleni siku za mashine. Mahitaji kama hayo hayamalizwi kwa mchango wa Jumapili moja. Yanataka orodha yenye majina na siku, na naomba wazee wa kanisa waiandike wiki hii, wakianza na majina yao wenyewe. Wale wanne waliotoboa dari kule Kapernaumu hawakutajwa majina, wala yule mwenye kupooza hakusema neno lolote. Marko anasema Yesu aliiona imani yao.

Nanyi mnaougua, msitulazimishe kuwahesabu kuwa mashujaa, wala msijilazimishe. Mkiulizwa hali na mkaona hali ni mbaya, semeni ni mbaya. Paulo alipoandika kwamba Epafrodito alikuwa mgonjwa karibu na kufa, alikiri wazi kwamba kama ndugu huyo angekufa, yeye mwenyewe angepata huzuni juu ya huzuni, na hakuona kwamba kukiri hivyo kunamvunjia Kristo heshima.

Tuombe.

Ee Bwana, uliyewajua Trofimo na Mileto yake, tunawaweka mbele zako walioko wodini usiku huu na wale wanaougulia nyumbani, Mwanza mjini, Ukerewe, Magu, Misungwi na kote kandokando ya Ziwa. Wape usingizi. Waponye unaopenda kuwaponya, nasi tutakushukuru. Walio kwenye mashine, shika mishipa yao na presha yao. Wauguzi wa zamu ya usiku uwape subira na miguu isiyochoka. Utuondolee sisi ulimi wa kuwatafutia makosa, utupe nauli ya kuwafikia na moyo wa kurudi tena wiki ijayo. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.