Siku moja maishani mwangu: pointi gadi kwenye timu ya 9

Saa 12:15 asubuhi. Macho yamefunguka kabla simu haijalia. Hii ni timu yangu ya 9 katika miaka 12 ya kucheza basketi ya kulipwa, na ni siku ya 6 tu tangu nifike hapa. Mkataba wenyewe ni wa mwezi mmoja: pointi gadi wao, yaani mchezaji anayeuleta mpira na kuongoza mashambulizi, ameumia goti, nikaitwa kuziba pengo. Leo usiku tuna mechi.

Kabla sijashuka kitandani nashughulikia vifundo vya miguu. Nachora herufi zote hewani kwa kidole gumba cha mguu, A mpaka Z, kulia kisha kushoto. Cha kulia kimeshateguka mara 4, na kila asubuhi hukataa kidogo nikifika kwenye herufi K. Namaliza hivyo hivyo, taratibu.

Saa 1:00. Daftari. Kila nikisajiliwa mahali napasua nailoni ya daftari jipya na kumpa kila mwenzangu ukurasa wake. Siandiki takwimu, hizo zipo kwenye intaneti. Naandika anapenda kuupokea mpira wapi, mkono gani, na baada ya hatua ngapi. Namba 8: kona ya kulia, mishono ya mpira ikae mlalo. Namba 11: usimpe akiwa amesimama, mpe akikimbia. Namba 15, senta wetu, yule mrefu wa chini ya ringi: mkono wa kushoto tu, usawa wa kifua, kidole cha kati cha kulia kiliwahi kuvunjika na hakijanyooka. Watu hudhani sisi tunaozunguka huajiriwa kwa sababu ya kudunda mpira vizuri. Wadundaji wazuri wamejaa kila mahali. Mimi hulipwa kujua watu wanne ndani ya siku chache, jambo ambalo mwingine amelifanya kwa misimu mitatu.

Saa 4:30. Mazoezi mepesi ya siku ya mechi, dakika 50. Tunarusha, tunapitia mipango ya wapinzani, hakuna anayetoa jasho la kweli. Ringi ipo mita 3.05 juu kama kila mahali, na mstari wa pointi tatu upo mita 6.75 kwa sheria za FIBA, shirikisho la basketi duniani. Kwangu hilo ni faraja kubwa. Miguu yangu inaujua mstari ule hata nikifumba macho. Ugumu upo kwenye majina. Hapa kocha akisema "ngumi" anataka senta apande juu aniwekee skrini, yaani asimame amzuie beki anayenikaba, mimi na yeye tucheze wawili. Nilikotoka, ngumi ile ile ilimaanisha mrushaji azunguke chini ya ringi apitie skrini mbili. Nimerudia mara 20 mbele ya kioo usiku wa jana, na leo tena nikiwa pembeni ya uwanja.

Saa 6:30 mchana, chakula cha timu. Kijana wa miaka 20, gadi msaidizi wangu, amekuja na sahani yake akaketi karibu.

"Kaka, huchoki kuhamahama?"

Nilimwambia habari za Ish Smith, pointi gadi kama mimi. Hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti ya NBA ya 2010, pale timu zinapochagua wachezaji wapya, lakini alikuja kuchezea timu 13 za ligi ile, na hiyo ni rekodi. Timu ya 13 ilikuwa Denver Nuggets, akachukua nayo ubingwa mwaka 2023. Timu 13 maana yake ni kwamba mara 13 kuna mtu alikaa ofisini akasema, huyu tunamhitaji. Kijana alinyamaza kidogo, akaniuliza Smith alikuwa anafanya nini hasa uwanjani. Hapo ndipo nilipompenda. Tulikaa hadi sahani zikapoa, nikimweleza mtu mwenye kasi ile anavyojua kupunguza mwendo nusu hatua ili beki apite.

Saa 7:20 wakala alipiga simu. Klabu haijasema lolote kuhusu kuniongezea muda. Niliuliza tu kama kipengele cha usuluhishi kimo kwenye karatasi nilizosaini, naye akasema kimo. Huwa siachi kukiuliza. Miaka kadhaa nyuma klabu moja ilinikalia na mishahara ya miezi mitatu. Kilichoniokoa ni sentensi moja kwenye mkataba, iliyosema mgogoro wowote utapelekwa BAT, baraza la usuluhishi wa basketi lililoanzishwa na FIBA mwaka 2007, lenye makao Geneva. Msuluhishi aliamua kwa haki na usawa, bila kuzama kwenye sheria za nchi yoyote. Klabu isiyotii uamuzi wa namna hiyo FIBA inaweza kuizuia kusajili wachezaji kutoka nje, kwa hiyo fedha zangu zilikuja. Vijana wanaosoma hapa: kabla ya kuangalia tarakimu ya mshahara, tafuta sentensi hiyo.

Saa 7:45 mpaka 9:15, usingizi. Pazia limefungwa, simu imezimwa.

Saa 9:40 alasiri nilizungumza na binti yangu kwa video. Ana miaka 6. Aliniomba nigeuze kamera aone chumba, kisha akauliza, "Baba, hiki ndicho chumba chako au cha wageni?" Nilimwambia ni changu kwa sasa. Mama yake alichukua simu, tukazungumza kuhusu ada ya shule na jino lake linalotikisika. Huu ndio uzito wa kazi hii, na sijui njia ya kuupunguza.

Saa 11:15 jioni, uwanjani. Fizio ananifunga plasta kwenye vifundo, kimya, mizunguko ile ile. Mitupo 150, ya mwisho 10 ikiwa mitupo huru.

Saa 1:30 usiku mpira ulirushwa juu.

Robo ya kwanza ilienda salama. Ya pili, zikiwa zimebaki dakika 6, niliinua ngumi na akili ikarudi kwenye timu ya zamani. Nilimsubiri mrushaji chini ya ringi wakati namba 15 amesimama juu na skrini yake, ananitazama. Sekunde 24 ambazo timu hupewa kurusha ziliisha mpira ukiwa mkononi mwangu. Kocha alinitoa. Nilikaa benchi dakika 4, na zilikuwa ndefu.

Robo ya tatu nilimpa namba 15 pasi nzuri kabisa, mkono wa kushoto, usawa wa kifua. Ikamponyoka. Nilifikiri nimekosea mkono. Tukirudi nyuma kukaba alinikaribia, akagusa kidevu chake: "Juu, kaka. Nipe hapa. Kifuani mikono ya mabeki imejaa."

Robo ya nne, sekunde 17 zimebaki, tuko nyuma kwa pointi moja. Kijana wa miaka 20 alirusha akakosa, namba 15 akachukua ribaundi, yaani mpira uliorudi kutoka kwenye ringi, akanirudishia. Kwa ribaundi ya namna hiyo saa ya kurusha huanza na 14 badala ya 24. Niliinua ngumi. Safari hii akili ilikuwa hapa. Alikuja, akaweka skrini kushoto kwangu, mabeki wawili wakanifuata mimi. Nilidunda mara moja zaidi, nikisubiri mabega yake yageukie ringi, kisha nikainua mpira kushoto, usawa wa kidevu. Aliushika kama anachuma tunda akauweka ubaoni. Sekunde 3 zilizobaki wapinzani walirusha kutoka mbali, wakakosa.

Saa 3:50 usiku, barafu kwenye magoti na kifundo cha kulia. Pointi 7, pasi za mwisho 9, mipira niliyopoteza 3. Meneja alipita akanishika bega, hakusema kitu kuhusu mkataba, nami sikumuuliza.

Saa 6:10. Chumbani. Nimefungua daftari ukurasa wa namba 15, nimekata neno "kifua" kwa mstari mmoja, na pembeni nimeandika: kushoto, kidevu. Kesho saa 4:00 tunaangalia video ya mechi.