Z ya 1971: kwanza isimame, injini baadae

Watu wakisikia kuna Datsun 240Z hapa Dar swali la kwanza ni injini. Inakimbia ngapi, kabureta ni zilezile, inalia vipi. Naelewa kabisa, ile L24 silinda sita mstari mmoja, cc 2393, ikiwaka asubuhi na zile kabureta mbili za Hitachi hata jirani asiyependa magari anatoka nje. Ila mi nimeamua sigusi injini, sigusi rangi, sigusi siti, mpaka breki na sasipensheni ziwe mpya kuanzia pedeli mpaka tairi. Nimeona Z na Escort na MG nyingi sana za watu zimepigwa rangi ya kioo, rimu zinawaka, alafu ukimwomba mwenyewe akanyage breki kwenye 80 gari inavuta kushoto na pedeli inazama nusu. Hiyo ni hatari kwa mwenye gari na kwa mtoto anayevuka barabara, sio kitu cha kusema ntashughulikia baadae.

Gari ni ya baba mdogo. Aliinunua Nairobi enzi hizo, akaja nayo Tanga, na Tanga ndo ilipokaa bandani miaka na miaka karibu na bahari. Anayeijua chumvi ya pwani anajua nachosema, juu gari inaonekana nzima, ukilala chini ukaangalia na tochi unakuta kila nati imekuwa ya kahawia na paipu za breki zina mabaka.

Na hii gari sio ya kuionea huruma, imeumbwa na miguu mizuri. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller waliichukua East African Safari, yale mashindano ya magari ya barabara za vumbi, na 240Z, Shekhar Mehta na Mike Doughty wakaja wa pili na 240Z nyingine. 1973 Mehta akashinda yeye na Lofty Drews, pointi sawa na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 1800 SSS, ikabidi kanuni ya kuvunja sare iamue. Safari ya siku zile ilikuwa inakata Kenya, Uganda na Tanzania, matope, mawe, vumbi, gari ya michezo ya milango miwili inapita mle inafika. Haikuwa nguvu ya injini tu. Z ina sasipensheni huru magurudumu yote manne, mbele shokapu za kusimama, nyuma hivyohivyo na amu pana ya chini, wakati magari mengi ya michezo ya bei yake, MGB kwa mfano, bado yalikuwa na ekseli nzima na spiringi za majani nyuma. Sasa ukiwa na gari ya hivyo ukaiacha itembee na bushi, ile mipira ya kwenye maungio ya miguu, za miaka 50 unakuwa huendeshi 240Z, unaendesha bodi yake tu.

Nilianza na breki za mbele. Z inatoka na diski za inchi 10.7 ambazo hazina matundu ya hewa katikati, kalipa, ile inayobana diski, ni ya pistoni mbili. Diski yenyewe imefungwa kwa nyuma ya habu, kile kitovu cha gurudumu, na bolti nne, kwahiyo kuitoa lazima utoe habu yote, ambayo mi naiona ni bahati maana inakulazimisha uoshe beringi, uzikague, upake grisi mpya na uweke sili mpya. Za kwangu upande wa kulia grisi ilikuwa imegeuka gundi.

Kalipa za zamani pistoni zilikuwa zimeshika kutu zimegoma kabisa. Hapa ndo kuna kitu kizuri ambacho watu wa Z Marekani wamekifanya miaka mingi na sisi huku tuna bahati nacho kuliko wao. Kalipa ya Toyota Hilux 4x4 ya kuanzia 1979 mpaka 1985, ile yenye pistoni nne, imeandikwa S12+8 kwenye chuma, inaingia kwenye mguu wa 240Z kwa bolti zilezile na diski ileile. Hilux! Nchi hii Hilux za miaka ile zimejaa, nilizunguka Ilala mtaa wa Shaurimoyo na Gerezani nikapata pea nzima, nikaifungua yote, nikaosha, nikaweka mipira mipya na pistoni ambazo hazina hata mkwaruzo. Sharti ukate kile kibati cha kuzuia vumbi nyuma ya diski au ukitoe, na kapaipu kafupi ka chuma kanataka kupindwa kidogo kafike. Pima pia rimu yako kabla hujanunua maana kalipa ni nene.

Ila ukiweka pistoni nne mbele elewa unabadilisha hesabu yote. Kalipa kubwa inameza oili nyingi zaidi, kwahiyo pedeli inashuka chini zaidi kabla haijashika, ndo maana wengi wanabadilisha na masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli, wanatoa ile ya inchi 7/8 wanaweka ya 15/16 ya 280ZX, Z ya baadae. Nimefanya hivyo. Na pia breki nyingi zinahamia mbele, nyuma zinakuwa za kusindikiza, kwahiyo kama dramu zako za nyuma ni mbovu alafu unaongeza kalipa za mbele hujatengeneza breki, umeharibu uwiano.

Kwahiyo nyuma. Dramu za Z ni za aluminiamu zenye mapezi ya kupoza, ndani kuna pete ya chuma, kipenyo inchi 9. Usizigonge na nyundo jamani, zinapasuka. Zina matundu mawili yenye nyuzi, unaingiza bolti mbili unazikaza taratibu huku na huku dramu inasukumwa yenyewe inatoka. Ndani kuna kitu ambacho mafundi wengi waliozoea Corolla hawakitarajii, silinda ya gurudumu ina pistoni moja tu, na silinda yenyewe imewekwa iteleze kwenye bamba la nyuma. Pistoni inasukuma shuu moja, kile kiatu kinachobana dramu, silinda inateleza kinyume inasukuma shuu ya pili. Ikiganda pale kwa kutu shuu moja inafanya kazi na nyingine inakaa tu, na we utasema mbona breki za nyuma hazina nguvu wakati kila kitu ni kipya. Safisha ile njia mpaka chuma king'ae, paka grisi ya breki inayovumilia joto, isukume kwa kidole, lazima itembee.

Paipu zote nimetoa. Sikutaka kuunga wala kuziba. Kuna watu wanatumia paipu ya shaba tupu, ile ya friji, kwasababu inapindika kirahisi, mi nasema hapana, shaba tupu inachoka na mtikisiko inapasuka. Tumia ya chuma au ile ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, na mdomo wa paipu upanuliwe mara mbili kwa mashine yake sio kwa koleo. Mipira minne yote mipya, ile ya zamani ukiipinda inaonyesha nyufa, na ndani inavimba inakuwa kama vali, breki inashika haiachii.

Oili ya breki nayo. Inanyonya maji ya hewani, na Dar hewa yenyewe ni maji. Oili ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya kiwango cha chini kinachoruhusiwa ni kuchemka nyuzi 205, ikishalowa inaruhusiwa kushuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. Ukishuka Lushoto kwenda Mombo na zile kona, mguu kwenye breki muda wote, oili iliyolowa inachemka inatengeneza mvuke, mvuke unabonyea, pedeli inaenda chini na gari haisimami. Mi naweka DOT 4 kutoka kopo ambalo halijafunguliwa na kila mwaka naimwaga. Kutoa upepo anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, kwa gari ya usukani kulia ni nyuma kushoto, unarudi unakaribia.

Sasa sasipensheni, na hapa nataka nikae kidogo sababu kuna pini.

Nyuma ya Z, ile amu ya chini inashikana na mguu wa shokapu kwa pini moja ndefu inayopita kwenye bushi ya mbele, inapita katikati ya chuma cha mguu, inatokea bushi ya nyuma. Katikati imefungwa na kapini kadogo ka kabari kenye nati. Pini hii ndo inajulikana dunia nzima kwa wenye Z kwa kugoma. Maji yanaingia, kutu inaijaza, chuma na chuma vinakuwa kitu kimoja. Fundi wangu ni mzee, alikuwa anatengeneza Datsun toka zikiwa mpya, siku tumefika pale akanizuia mkono.

"Mwanangu, hiyo weka nyundo chini."

"Si tunagonga kidogo tu mzee, tuone kama itacheza?"

"Ukigonga unapanua kichwa cha nyuzi, ikishapanuka haipiti tena kwenye tundu hata shetani aisukume. Toa kwanza hako kadogo ka katikati."

Akatoa ile kabari kwanza. Hii ni muhimu, kuna watu wanaisahau wanaenda kwenye presi wanakandamiza mpaka chuma cha mguu kinapasuka, na mguu wa Z kuupata sio rahisi. Tukamwaga mafuta ya kulainisha kutu juu na chini, tukaacha ilale, tukarudia kesho yake na keshokutwa. Alafu akachukua kipande cha bomba nene la chuma, akaliweka kama kikombe juu ya bushi, akafunga nati ndefu kwenye nyuzi za pini, upande wa pili wa nati akaingiza bolti ngumu ikapita kwenye washa nene, akawa anakaza. Unakaza, inalia kriii, unasimama, unamwaga mafuta, unakaza. Upande wa kulia ikaanza kutoka kama milimita mbili, yule mzee akacheka akaniambia shika hapa uone, na kweli nilihisi kwenye spana imeachia. Ikatoka yote ikiwa na vumbi jekundu.

Kushoto ikagoma kabisa. Tukakata na msumeno wa chuma pande zote mbili kati ya bushi na mguu, amu ikatoka, mguu tukaupeleka Gerezani kwenye presi kipande kilichobaki kikasukumwa. Pini mpya niliagiza Marekani, wapo wanaozitengeneza mpaka leo. Nimeshauriwa na watu wengi nichongeshe hapahapa. Mafundi wetu wa kuchonga ni hodari kweli, bushi ya injini, pulley, flanji, nawapa bila wasiwasi, lakini pini hii ndo inashikilia gurudumu la nyuma na sina njia ya kujua chuma wanachochonga kina ugumu gani. Hapo sikubali.

Bushi nimeweka za mpira, sio zile ngumu za poliyuretheni, isipokuwa kwenye reki ya stelingi. Barabara zetu zina mabonde na mi nataka kuendesha gari kila wiki. Na kama unapenda zile ngumu, basi lile fito la mbele linaloshika amu lisikandamizwe na poliyuretheni pande zote mbili. Linanyimwa nafasi ya kucheza, linachoka shingoni pale penye nyuzi, na yapo ya watu yaliyokatika barabarani. Upande mmoja acha mpira. Kingine ambacho gereji nyingi zinaruka, bushi za mpira unakaza mwisho kabisa gari ikiwa imeshuka chini kwa uzito wake. Ukikaza miguu ikiwa inaning'inia, ukiishusha mpira unajinyonga pale ndani na hautamaliza hata msimu wa mvua.

Shokapu ni kaseti mpya, yaani shokapu nzima iliyofungwa kiwandani, ndani ya bomba la zamani. Spiringi unaibana kwa vibano viwili vizima vya pande zote na usikae mbele yake, kile chuma kikiruka kinaua. Ndani ya bomba kabla kaseti haijaingia tunamwaga oili kidogo, joto la shokapu lipate njia ya kwenda kwenye bomba badala ya kubaki kwenye hewa.

Alafu alaimenti. Wakikwambia watarekebisha kila kitu waambie Z ya kiwandani mbele inarekebishwa tairi kuelekea ndani au nje kwa tairodi tu, nyuma hairekebishwi. Kwahiyo nyuma ikisoma vibaya tafuta bushi mbovu au amu iliyopinda, usilipe mtu anayekwambia ameiseti.

Juzi tumeitoa alfajiri, barabara tupu, nikapanda mpaka 60 nikakanyaga kwa nguvu, mara ya pili 80. Inasimama imenyooka, pedeli juu na ngumu, usukani hautetemeki. Bado nyuma kushoto dramu ina mtikisiko kidogo, pete ya chuma ndani imeliwa ikavuka kipimo na kuichonga tena haifai. Kwahiyo natafuta dramu, za aluminiamu zenye mapezi, inchi 9, hata zikiwa mtumba alimradi hazina ufa kuzunguka matundu ya bolti. Mwenye nazo Arusha, Moshi, hata Nairobi Kirinyaga Road, aniambie bei, ntatuma mtu wa basi.