Bamba Nililoambiwa Nilitupe

"Hilo tupa, anza jingine." Ndivyo alivyoniambia fundi mmoja mzoefu kwenye karakana ya chapa ninayokodi mashine hapa Kyoto. Nikikumbuka, bado damu inanichemka, maana bamba lile la shaba, la kuchapia picha kwenye karatasi, ndilo lililonipa chapa nzuri kuliko zote nilizowahi kutoa.

Nilikuwa nikitafuta kile ambacho Wajapani hukiita wabi-sabi, uzuri wa kitu duni, kilichochakaa, kisicho na makuu. Nilikiona Yamazaki, kwenye kibanda cha chai cha Tai-an, kinachohusishwa na Sen no Rikyū, bwana wa chai aliyefariki mwaka 1591. Chumba chenyewe ni mikeka miwili tu. Kuta ni za udongo na vipande vya mabua vimeachwa vionekane. Ni hazina ya taifa, lakini mimi niliona ukuta wa jiko la bibi yangu. Nikasema, ukuta huu nitauchapa, mbele yake bakuli moja la chai.

Miezi miwili nikaharibu shaba, na shaba si bei ya mchicha. Nilikwaruza mabamba kwa msasa, nikayagonga kwa msumari, nikanyunyiza chumvi kwenye nta ikiwa bado moto. Yote yalitoka kama suruali mpya iliyochanwa makusudi.

Kisha siku moja nikapaka nta bamba ambalo sikulisugua vizuri kwa chaki, likabaki na mafuta ya vidole. Nikachora kwa sindano nikipasua nta hadi shaba ionekane, nikalilaza kifudifudi kwenye kloridi ya feri, dawa inayokula shaba pale nta ilipotoka, pembe zake zikiwa juu ya vigingi vidogo. Lilaze hivyo daima! Mashapo hudondoka chini badala ya kuziba mistari. Mimi nilipoanza kazi hii hakuna aliyeniambia, nikapoteza mwaka mzima kwa mistari hafifu. Baada ya dakika 40 nikakuta nta imeachia huku na kule, dawa imetoboa vitundu bamba zima. Hapo ndipo fundi akasema tupa.

Nilichukua kijiko cha chuma na tone la mafuta, nikasugua kwa mgongo wake ndani ya mchoro wa bakuli peke yake. Jioni tatu, hadi shaba ikang'aa, laini isiyoshika wino. Kwingine sikugusa.

Karatasi ilikuwa washi ya kozo, yaani karatasi ya Kijapani ya nyuzi za gome la mforosadi. Usiiloweke kwenye beseni kama karatasi ya pamba, itachanika. Inyunyizie maji, uifunike ndani ya karatasi nyingine zenye unyevu usiku kucha.

Nikapaka bamba wino, nikalipitisha mashineni pamoja na karatasi. Nilipoibandua, vitundu vyote vilikuwa vimeshika wino vikawa udongo, vikawa mabua, na bakuli limekaa katikati jeupe, kimya. Fundi aliitazama muda mrefu, halafu akaniuliza kama nitamwachia moja.

Nilitoa nakala kumi na mbili. Moja nilimpelekea bibi, ameitundika jikoni. Moshi umeshaanza kuila pembeni, nami nimemwomba asiifute.